Saa Saba Mchana, Mtoto ni wa Nani?

Kila mkutano wa wazazi ukifika ajenda ya chakula cha mchana, hakosekani mtu wa kusimama na kusema maneno yale yale: shule ni mahali pa kusoma, kula ni nyumbani. Hupigiwa makofi. Maneno hayo husemwa na diwani, husemwa na mzazi aliyechoshwa na michango, husemwa na mwalimu mkuu asiye na hata chumba cha kuhifadhia gunia moja la mahindi. Wote wana sababu zao, na hakuna anayewatakia watoto mabaya. Hata hivyo maneno yenyewe hayana ukweli, na mtoto wa shule ya kutwa ndiye anayeyalipia.

Tuanze na saa. Mtoto wa darasa la tatu kijijini huamka alfajiri, saa kumi na moja. Saa moja awe ameshafika shuleni, ameshika ufagio wa chelewa au ndoo ya maji kwa ajili ya usafi. Saa mbili kipindi cha kwanza kinaanza. Hutoka saa nane, pengine saa tisa alasiri, ndipo aanze safari ya kurudi. Akiwa na bahati, asubuhi alikunywa chai ya rangi na kiporo. Akikosa bahati, mara ya mwisho kutia kitu tumboni ni ugali wa jana usiku.

Muda wote huo mzazi hana mamlaka naye. Mtoto akichomoka kwenda kutafuta chakula nyumbani anaitwa mtoro. Mzazi asipompeleka shule anaweza kufikishwa mahakamani, kwa kuwa mahudhurio ya shule ya msingi ni lazima kisheria. Basi aliyemchukua mtoto kwa nguvu ya sheria tangu asubuhi hawezi, ikigonga saa saba, kumrudisha mikononi mwa mama aliye kilomita nne kutoka hapo, ameinama na jembe. Ndio maana kauli ya kwamba kula ni nyumbani haisimami: saa ya kula, mtoto hayupo nyumbani.

Serikali ya Tanzania inalijua jambo hili, na imelikubali nusu. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua utekelezaji wa elimumsingi bila malipo, uliipa serikali mzigo wa chakula cha wanafunzi wa bweni na kumwachia mzazi chakula cha wanafunzi wa kutwa. Tofauti ya watoto hawa wawili ni mahali wanapolala. Hesabu ya kugawanya ni ile ile, mwalimu ni wa aina ile ile, mtihani wa taifa ni mmoja. Kama chakula cha bweni ni sehemu ya gharama za elimu, hakuna namna ya kueleza kwa nini sahani ya mchana ya mtoto wa kutwa iwe hisani.

Na shule binafsi? Huko mjadala huu haupo kabisa. Mzazi anayelipa ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza mjini hukuta uji na chakula cha mchana vimeorodheshwa kwenye karatasi ya ada pamoja na basi na sare, naye hatarajii vinginevyo. Baadhi ya wanaosema kula ni nyumbani watoto wao hula shuleni kila siku.

Sasa isogelewe shule moja wakati wa mapumziko marefu, kwa sababu mjadala wa mbali huficha mengi. Jikoni ni banda la mabati lisilo na kuta, mafiga ya mawe, sufuria mbili kubwa zilizopiga weusi. Makande yamechemka tangu saa mbili. Mpishi, mama mmoja wa kijijini anayelipwa kwa michango, anatumbukiza mwiko mrefu kama kasia na kufumba macho kwa moshi. Watoto wamepanga foleni na bakuli za plastiki. Pembeni amesimama mwalimu wa zamu na daftari. Jina lililo na alama ya vema linapita. Jina lisilo na alama, yaani la mzazi ambaye hajaleta debe la mahindi na kilo zake za maharage, linatolewa kwenye foleni. Hao waliotolewa hukaa chini ya mwembe, wamewapa wenzao mgongo, wakichorachora mchangani kwa vijiti. Harufu ya makande haiwakwepi. Saa nane kasoro wote wanaingia darasa moja na mwalimu anaandika ubaoni kwa wote.

Hivi ndivyo kazi ya mzazi inavyoonekana ikitekelezwa. Mtoto anaadhibiwa kwa deni la mtu mzima, tena mbele ya wenzake, tena ni yule yule ambaye nyumbani kwao pia hakuna. Mfumo wa michango humwacha nje anayekihitaji zaidi chakula. Haufanyi hivyo kwa bahati mbaya. Ndivyo ulivyoundwa.

Huja wazee wa heshima na hoja ya pili: sisi tulisoma na njaa, na tukawa watu. Inastahili kujibiwa kwa adabu, kwa maana imejengwa juu ya mateso ya kweli. Lakini anayeisema ni yule aliyefika. Waliosinzia, waliorudia darasa, walioacha wakaenda kuchunga, hawakualikwa kwenye kikao kuja kutoa ushuhuda wao. Na kumbukumbu zenyewe zina mianya. Wengi waliosoma Tanzania miaka ya 1970 na 1980 wakitulia kidogo hukumbuka bulga, ile ngano ya msaada iliyopikwa shuleni. Kenya nako, kuanzia mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi aliagiza watoto wa shule za msingi wapewe maziwa, yale maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembetatu ambazo watu wa umri wa makamo hadi leo wanazitaja kwa tabasamu. Mpango ule ulikufa katika miaka ya 1990. Kizazi kinachosema hakikulishwa, sehemu yake ililishwa. Kilichosahaulika ni nani aliyekuwa akilipa.

Kuna hoja ya tatu, na hii ni nzito kuliko zote. Watu wa mipango husema: fedha ni kidogo, tuchague, madawati na walimu kwanza, chakula baadaye. Huongeza kwamba utafiti wenyewe haujaonyesha watoto wakilishwa wanafaulu zaidi. Hapo hutajwa kazi ya Christel Vermeersch na Michael Kremer, iliyofanyika Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Shule za chekechea 25 zilipewa uji wa asubuhi bila malipo, nyingine 25 zikaachwa kama zilivyo. Mahudhurio katika shule za uji yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30. Alama za mtihani, lakini, zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu. Uji pia ulikula muda wa kipindi, na darasa likafurika.

Asomaye matokeo haya kama ushahidi dhidi ya uji ameyasoma upande mmoja. Yanasema kwamba mwalimu mzuri mbele ya darasa lenye njaa anapoteza nguvu zake, na kwamba uji mbele ya darasa lisilo na mwalimu mzuri unaleta watoto tu. Kila kimoja kinakihitaji kingine. Shule inayochagua kati ya chaki na bakuli imechagua kulipa mshahara wa mwalimu wa vipindi vya mchana ambavyo nusu ya darasa haivisikii. Huo mshahara umeshalipwa. Hauwezi kuitwa akiba.

Ghana ilipopima mpango wake wa kitaifa wa chakula shuleni kwa majaribio makini, walionufaika zaidi kimasomo walikuwa wasichana na watoto wa kaya maskini kabisa. Sweden wametazama mbali zaidi. Watafiti huko waliwafuatilia watu waliopata mlo wa bure shuleni kati ya mwaka 1959 na 1969, wakakuta kwamba waliokula kwa miaka yote tisa ya shule ya msingi walikuja kupata kipato cha maisha kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 3. Mlo ule haukuwa mkate mtupu. Ulipangwa uwe na virutubishi kamili.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na hapo hata watetezi wengi wa chakula cha shuleni hupotea njia. Wao hushangilia tumbo likijaa. Sufuria ya ugali wa sembe na maharage yenye mchuzi mwepesi, siku tano kwa juma, miaka saba, na kazi imekwisha. Haijaisha.

Tazama ramani ya udumavu ya Tanzania. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 57. Njombe na Rukwa, takriban asilimia 50 kila mmoja. Hii ni mikoa ya mahindi, mikoa ambayo malori ya nafaka hutoka huko kwenda kulisha miji. Hakuna anayeweza kusema Iringa hakuna chakula. Nusu ya watoto wamedumaa wakiwa wamezungukwa na maghala, na miongoni mwa sababu ni kwamba sahani yao imejaa kitu kimoja: wanga mweupe uliokobolewa, ukavuliwa pumba na kiini pamoja na vitamini zilizokuwamo.

Mtu atasema udumavu hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, kwa hiyo shule imechelewa. Ni kweli siku hizo hazina mbadala. Lakini mwili wa mtoto haufungwi baada yake. Wataalamu wa afya ya mtoto, Donald Bundy akiwa mmoja wao, wamekuwa wakitetea siku 7,000 zinazofuata, hadi umri wa miaka 21, ambamo ubongo unaendelea kujipanga na msichana anavunja ungo na kuanza kupoteza damu kila mwezi. Utafiti ule ule wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Msichana wa darasa la saba leo ndiye mama wa siku 1,000 za kesho kutwa. Anayetaka kumwokoa mtoto ambaye hajazaliwa ana mahali pazuri pa kumpata mama yake kabla hajawa mama, naye ameketi kwenye dawati akingojea kengele.

Kwamba kilichomo kwenye bakuli kina uzito kuliko wingi wake, huko Embu, Kenya, walishaonyesha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwagawa watoto wa darasa la kwanza wa shule 12 katika makundi manne. Kundi moja halikupewa kitu. Matatu yalipewa githeri: moja likaongezewa mafuta, moja likapewa maziwa, jingine nyama ya kusaga. Nishati iliyokuwa kwenye sahani hizo ilikaribiana. Baada ya vipimo kurudiwa kwa muda, watoto wa githeri ya nyama ndio walioendelea vizuri zaidi kwenye jaribio la kufikiri, wakawazidi hata wale wa maziwa. Huenda kilichowatofautisha ni madini ya chuma na zinki, pamoja na vitamini B12, vitu ambavyo mahindi na maharage peke yake havitoshi kuvileta.

Mwenye shule atauliza nyama itatoka wapi. Itoke ziwani. Dagaa wa Ziwa Victoria wana chuma, zinki, kalsiamu na B12, wanakaa bila jokofu, wanasagika, na sehemu kubwa yao huishia kwenye chakula cha kuku na mifugo. Kikombe cha unga wa dagaa kwenye sufuria ya makande kingefanya kazi ile ya nyama ya Embu kwa bei ambayo halmashauri inaweza kuihesabu. Ongeza unga wa dona badala ya sembe, viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya machungwa, mchicha, matembele, majani ya kunde, papai. Hakuna hata kimoja kinachohitaji meli.

Na elimu je? Darasani watoto wananakili makundi ya vyakula: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Wanayakariri, wanayajibu kwenye mtihani, wanapata vema. Kengele ikilia wanakimbilia getini na shilingi 200 kununua maandazi, ubuyu wa rangi na barafu ya sukari. Kila siku shule inafundisha masomo mawili ya lishe, moja kwa chaki na moja kwa mdomo, na linalobaki ni la mdomo.

Japani waliliona hili zamani. Sheria yao ya chakula cha shuleni ni ya mwaka 1954, na mwaka 2005 walipitisha sheria ya msingi ya elimu ya chakula na kuanzisha walimu wa lishe shuleni. Saa ya kula ni kipindi. Watoto wa zamu huvaa kofia na aproni nyeupe, wanabeba sufuria hadi darasani, wanawapakulia wenzao, mwalimu anakula nao chakula kile kile, kisha wanafuta meza. Mtoto wa miaka saba anajifunza kupima sehemu ya kila mtu ili wa mwisho asikose. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo.

Afrika Mashariki haina haja ya kukopa kila kitu kutoka huko. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 alitaka kila shule iwe na shamba, na shamba liwe sehemu ya masomo. Kilichotokea shule nyingi kinajulikana: shamba likageuka adhabu. Mchelewaji alipelekwa kulima, mpiga kelele alipelekwa kulima, na mavuno mtoto hakujua yalikokwenda. Watu wazima wengi wanalichukia jembe kwa sababu walifundishwa kulichukia wakiwa na sare ya kaptula. Bustani ya shule inaweza kurudi ikiwa tu mchicha alioupanda mtoto ataukuta kwenye bakuli lake wiki ya tano, na ikiwa fimbo itakaa mbali nayo.

Wasiwasi wa wizi na wa usalama ni wa haki. Mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu. India haikufunga majiko. Mahakama yake ya Juu ilikuwa imeshaamuru, Novemba 2001, kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apate chakula kilichopikwa, chenye walau kalori 300 na gramu 8 hadi 12 za protini. Baada ya msiba kanuni zikakazwa, mtu mzima akatakiwa kuonja kabla ya watoto. Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na Tanzania nayo ilizika watu kwa sumu hiyo mwaka 2016. Fikiria basi ghala la shule ambamo madebe ya nyumba 300 yamemwagwa pamoja, kila moja na unyevu wake, bila mtu wa kupima. Mfumo wa michango unaosifiwa kuwa wa kienyeji na salama ndio wenye hatari hii ndani yake. Anayenunua kwa mkataba anaweza kudai mahindi makavu. Kamati ya shule haiwezi kumrudishia mjane debe lake.

Kuhusu fedha, majirani wameshapiga hesabu. Rwanda, tangu mwaka 2022, mzazi wa shule ya msingi anachangia faranga 975 kwa muhula na serikali inaweka 8,775. Mzazi hajaondolewa, amewekewa sehemu ya kumi. Nairobi, kupitia mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo, akigusisha bangili ya mkononi kwenye mashine. Teknolojia ya bangili hiyo imetoka kwa Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru huko Ruiru mwaka 2012. Ubora wa bangili si mashine yake. Foleni nzima inaonekana sawa, na hakuna daftari la kumtoa mtu. Brazil ikaongeza hatua nyingine: sheria ya mwaka 2009 ilitaka walau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Kwa hiyo wanaohofia utegemezi wana jibu hapo: shule inakuwa mteja wa kudumu wa kijiji chake.

Tanzania ina mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, wa mwaka 2021, nao umeandikwa kwa uangalifu. Kinachokosekana ni kifungu cha fedha nyuma yake. Mwongozo usio na kifungu humrudisha mwalimu mkuu kwenye daftari lake la vema.

Na kalenda iko upande wa atakayetaka kuanza. Mwaka wa fedha wa serikali hufunguliwa tarehe 1 Julai. Nyanda za Juu Kusini huo ni msimu ambao mahindi yametoka shambani, bei iko chini kabisa, na mkulima anatafuta mnunuzi kwa udi na uvumba. Shule zinafunguliwa Januari, mwezi ambao vihenge vya nyumbani vimebaki na vya kuhesabu na mavuno mapya ni mpaka Mei. Miezi hiyo ndiyo ambayo michango ya debe hukauka kwanza na foleni chini ya mwembe hurefuka. Halmashauri yenye ghala moja kavu, mizani na kipima unyevu inaweza kununua mwezi Agosti kile ambacho darasa la tatu litakihitaji mwezi Februari.